Ndoo Moja ya Maji Hulipiwa na Nani?

Katika mikutano ya vijiji vya Wilaya ya Kishapu, swali la maji huulizwa kwa namna ile ile karibu kila mwaka. Mwananchi husimama, humsalimu Mwenyekiti na Mheshimiwa Diwani, kisha husema: "Tunaomba kujua, fedha za maji zimekwenda wapi?" Jibu analopewa mara nyingi ni la kweli, ila si jibu la swali lake. Huambiwa kwamba bajeti imeombwa, hati imepelekwa, wataalamu wanafuatilia. Hurejea nyumbani na maneno mengi na ndoo tupu.

Kosa si la muulizaji, na mara nyingi si la anayejibu pia. Tumezoea kusema "fedha za maji" kana kwamba ni fedha moja, ilhali ziko za namna mbili, zinazotoka katika mifuko tofauti na kusimamiwa na watu tofauti. Ziko fedha za kujenga, na ziko fedha za kuendesha. Anayezichanganya humdai asiyehusika, na anayehusika hubaki ametulia. Makala haya yameandikwa ili mkazi wa Kata ya Songwa aweze kuzitenganisha, na ajue swali lipi ampelekee nani.

Tulikotoka

Wazee wetu walikunywa maji ya malambo na ya visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mito inayokauka kiangazi, mingine ikiwa matawi ya Manonga. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Maji hayo yalikuwa bure. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa miongoni mwa iliyopewa kipaumbele: kati ya mwaka 1974 na 1978, kwa msaada wa Uholanzi, yalichimbwa mamia ya visima vifupi vyenye pampu za mkono.

Wajenzi walifanya kazi yao. Lakini pampu ya mkono ina ngozi inayochakaa, ina fimbo inayokatika, na ina boliti zinazopotea. Nani alipaswa kununua ngozi mpya? Serikali iliyojenga ilikuwa mbali, kijiji hakikuwa na mfuko wa kazi hiyo, na kwa kuwa maji yalikuwa bure hapakuwa na senti iliyokusanywa. Pampu moja baada ya nyingine ilinyamaza, hapa na katika mikoa mingine. Ndiyo sababu Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka wazi jambo ambalo wengi hawakulipenda: mtumiaji wa maji kijijini atagharamia uendeshaji na matengenezo. Sera hiyo haikutungwa kwa ukali. Ilitungwa kwa kuhesabu pampu zilizokufa.

Kwa upande wetu wa nchi palikuwa na tatizo la pili. Kuchimba kisima Shinyanga si hakika ya kupata maji yanayofaa, kwa kuwa maeneo mengi yana maji ya chumvi au yenye madini ya floridi kupita kiasi. Ilibidi maji yatoke mbali. Mradi wa kuyaleta kutoka Ziwa Viktoria, ulioanza kujengwa katikati ya miaka ya 2000 na kuzinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Mei 2009, huchukua maji Ihelele katika Wilaya ya Misungwi, huyatibu hapo, kisha huyasukuma hadi Kahama na Shinyanga. Uligharimu takriban shilingi bilioni 250. Fedha hizo zilikuwa za Serikali yenyewe. Misri iliupinga mradi kwa kushikilia makubaliano ya mwaka 1929 yaliyotiwa saini na Uingereza wakati wa ukoloni, makubaliano ambayo Tanganyika ilikwisha kutangaza mwaka 1962 kuwa hayaifungi. Katika hali hiyo nchi iliamua kujilipia. Mlipakodi wa Tanzania, akiwemo mkulima wa pamba wa Kishapu, ndiye aliyelaza bomba lile.

Bomba hilo leo linaendeshwa na mamlaka iitwayo KASHWASA, ambayo huuza maji kwa jumla. Hununuliwa na mamlaka za miji na vyombo vya maji vya vijiji, nao huwauzia wananchi kwa rejareja. Tutalirudia neno hili "huuza", kwa maana ndani yake mna nusu ya matatizo yetu.

Mfuko wa kujenga

Wengi bado wanaamini kuwa miradi ya maji vijijini hujengwa na Halmashauri. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu tarehe 1 Julai 2019, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, kazi hiyo ni ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Wahandisi wa maji waliokuwa ndani ya Halmashauri walihamia huko. Diwani anaweza kuuliza, kushauri na kushinikiza, lakini bajeti ya bomba haipitishwi tena katika Baraza la Madiwani. Hupitishwa Bungeni, ndani ya bajeti ya Wizara ya Maji, ambayo kwa kawaida husomwa mwezi Mei.

Fedha zenyewe hutoka sehemu kadhaa. Ya kwanza ni kodi za kawaida kupitia Hazina. Ya pili ni Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao chanzo chake mashuhuri ni tozo ya shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli, iliyoanza mwaka wa fedha 2015/16. Kijana wa bodaboda anayejaza lita 3 pale Maganzo ameuchangia mfuko huo shilingi 150 kabla hajapakia abiria wa kwanza. Kwa hiyo mtu asikubali kuambiwa kwamba mradi wa maji ni zawadi.

Ya tatu ni mikopo na misaada. Benki ya Dunia, kwa mfano, mwaka 2018 iliidhinisha dola za Marekani milioni 350 kwa ajili ya maji na usafi wa mazingira vijijini, kwa utaratibu wa malipo kwa matokeo: fedha hutolewa baada ya kuthibitishwa kwamba vituo vinatoa maji kweli, wala si baada ya kuonyesha risiti za mabomba. Mwaka 2021, katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao nchi ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabili UVIKO-19, sekta ya maji ilitengewa shilingi bilioni 139.4. Mkopo hulipwa, na mlipaji ni yule yule aliyejaza lita 3.

Sasa tuangalie kwa nini mtaro huchimbwa, mabomba yakarundikwa kando, kisha mkandarasi akatoweka miezi kadhaa. Mkandarasi halipwi fedha yote mwanzoni. Hufanya sehemu ya kazi, huandika hati ya madai, mhandisi hupima na kuthibitisha, hati hupanda hadi makao makuu na hatimaye fedha hutolewa. Hati ikikaa muda mrefu bila kulipwa, mkandarasi mwenye mtaji mdogo hana cha kuwalipa vibarua, naye huondoka. Wakati mwingine kosa ni lake: amechukua kazi nyingi kuliko uwezo wake, au kazi aliyoiombea malipo haikufikia kiwango. Ukiukuta mtaro umesimama, swali lenye manufaa ni hili: je, kuna hati iliyowasilishwa ambayo haijalipwa, au hakuna hati kwa sababu hakuna kazi iliyofanyika? Swali hilo halina jibu la kuzungukazunguka. Meneja wa RUWASA wa Wilaya ndiye wa kuulizwa, na kibao kilichosimikwa penye mradi kinapaswa kumtaja mkandarasi, thamani ya mkataba, chanzo cha fedha na muda wa kumaliza.

Mgodi nao?

Hapa Songwa hatuwezi kuzungumzia fedha za umma bila kuutaja mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao umeuzunguka uchumi wetu tangu John Williamson alipogundua almasi hapo mwaka 1940. Hata bwawa lenye jina la kata yetu limekuwa kwa miaka mingi chanzo cha maji ya mgodi. Kisheria mgodi huchangia kwa njia mbili ambazo wananchi huzichanganya. Njia ya kwanza ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi, unaolipwa Halmashauri. Kwa kiwango hicho, katika kila shilingi bilioni 1 ya mauzo, Halmashauri ilipata shilingi milioni 3. Hizi ni fedha za umma kamili. Huingia katika mapato ya ndani na matumizi yake huamuliwa na Baraza la Madiwani. Njia ya pili ni wajibu wa kampuni kwa jamii. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mgodi unatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na Halmashauri kabla ya kuutekeleza. Mgodi hauchagui peke yake kujenga darasa au kisima, na Halmashauri haipokei hundi na kuitumia itakavyo. Wenzetu wa Geita wameitumia vizuri njia ya ushirikiano huu: maji ya mji wao yalijengwa kwa fedha za mgodi wa dhahabu na za Serikali kwa pamoja.

Fedha za mgodi zinafaa kwa kujenga. Hazifai kwa kuendesha, na hapa mwandishi anasema kwa msisitizo. Almasi ina bei inayopanda na kushuka duniani, na mgodi umewahi kusimamisha uzalishaji. Kijiji kilichozoea kulipiwa umeme wa pampu na mgodi hubaki kiu siku mgodi unapofunga lango.

Mfuko wa kuendesha

Mradi ukikamilika, hukabidhiwa kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wananchi hukiita kwa kifupi "chombo". Kuanzia siku hiyo, umeme, mafuta, mshahara wa fundi na wa mhasibu, vipuri, dawa ya kutibu maji, na ankara ya maji ya jumla pale yanaponunuliwa, vyote hutegemea kilula. Tuhesabu basi.

Viwango vya kitaifa vya maji vijijini humpangia kila mtu lita 25 kwa siku, na kilula kimoja kwa watu 250. Tuchukue bei ya shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20, kwa mfano. Uniti moja, yaani lita 1,000, ina ndoo 50. Basi uniti ni shilingi 2,500. Familia ya watu 6 itatumia lita 150, ambazo ni ndoo saba na nusu, sawa na shilingi 375 kwa siku au 11,250 kwa mwezi. Kwa familia isiyo na mshahara huo si mzigo mwepesi, na anayesema "ni shilingi 50 tu" hajawahi kuchota kwa watu sita.

Upande wa chombo, kilula kimoja cha watu 250, wote wakichota na wote wakilipa, kitatoa uniti 6.25 kwa siku. Vilula 10 vitatoa uniti 1,875 kwa mwezi, na mapato ya shilingi 4,687,500. Hiyo ndiyo hesabu ya karatasini. Masika yakifika, watu hukinga maji ya paa na kurudi kwenye malambo, na mauzo hushuka wakati mshahara wa fundi uko pale pale.

Kisha kuna maji yanayopotea. Tuseme chombo kimenunua uniti 2,000 kwa bei ya jumla ya shilingi 1,000 kwa uniti. Bei hii pia ni ya mfano. Kinadaiwa shilingi 2,000,000. Bomba limepasuka chini ya shamba la mtama, dira mbili zimekufa, na mtu mmoja amejiunganishia kwa siri ili anyweshe ng'ombe. Uniti 600 hazijulikani zilikokwenda. Zilizouzwa ni 1,400, na fedha iliyopatikana ni shilingi 3,500,000. Baada ya kulipa maji ya jumla zinabaki 1,500,000 za wahudumu wa vilula, fundi, mhasibu, usafiri na vipuri. Zile uniti 600 zingeuzwa, chombo kingekuwa na shilingi 1,500,000 nyingine, kwa bei ile ile, bila kumwongezea mama yeyote senti moja katika ndoo yake.

Ndiyo maana bei ya maji inapopendekezwa kupandishwa, mwananchi ana haki ya kuuliza kwanza upotevu ni kiasi gani. Kupandisha bei ili kufidia bomba linalovuja ni kumtoza mwaminifu kwa niaba ya mwizi na ya ardhi. Lakini pia, upotevu ukiwa mdogo na hesabu bado haitoshi, bei lazima ipande au huduma isimame. Kiongozi anayeahidi maji bure wakati wa kampeni anaahidi, kwa kweli, pampu za mwaka 1978.

Mfano wa mbali kidogo unaonyesha thamani ya makusanyo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ilihitaji shilingi bilioni 53.12, wawekezaji walitoa zaidi ya hizo, na hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wawekezaji hawakuvutiwa na bahari ya Tanga. Walisoma vitabu vya hesabu wakaona kuwa wateja wanalipa, dira zinasomwa na upotevu unadhibitiwa. Chombo cha kijiji hakiwezi kuuza hatifungani, wala hakihitaji. Hata hivyo afisa anayepanga ni kijiji gani kipanuliwe mtandao kwanza husoma vitabu vya namna hiyo hiyo.

Maji yakishatumika

Wahandisi huchukulia kuwa takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa majitaka. Tunaposherehekea bomba jipya, tunaingiza pia mzigo ambao haujapangiwa fedha. Katika kata kama yetu hakuna mtandao wa majitaka, na hautakuwepo karibuni. Choo cha nyumbani hujengwa kwa fedha ya mwenye nyumba. Kampeni ya Kitaifa ya Nyumba ni Choo ilikuja kuhimiza, haikuja kujenga. Fedha ya umma hujenga vyoo vya shule, zahanati, masoko na stendi.

Kijijini penye nafasi, shimo likijaa huchimbwa jingine. Kwenye vituo vya biashara vinavyokua haraka kwa sababu ya madini, nafasi hiyo haipo tena. Shimo likijaa huitwa gari la kunyonya majitaka, na gari hilo linahitaji mahali halali pa kumwaga. Pasipokuwepo, litamwaga korongoni usiku, na korongo huelekea kwenye lambo. Mabwawa ya kutibu topetaka yanagharimu fedha nyingi, lakini jambo la kwanza linalohitajika ni ardhi, na ardhi ni mamlaka ya Halmashauri na vijiji. Eneo likitengwa leo ni pori la kawaida. Baada ya miaka kumi litakuwa na nyumba juu yake, na kila mwenye nyumba atadai fidia. Hili ni jambo ambalo mkutano wa kijiji unaweza kuliamua bila kusubiri Dodoma, na kwa maoni ya mwandishi ndilo limecheleweshwa kuliko yote yaliyoelezwa hapa.

Tusisahau pia aina nyingine ya majitaka. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafika katika makazi na mashamba ya Ng'wanholo na Nyenze. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inashikilia kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Gharama za namna ile ni za mwenye bwawa. Hazipaswi kutolewa katika mfuko wa maji wa wananchi.

Wa kuulizwa

Ukitaka kijiji chako kiingizwe katika mpango wa ujenzi, hoja huanzia mkutano wa kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hufikishwa RUWASA Wilaya wakati mapendekezo ya bajeti yanapoandaliwa, miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Hoja inayotolewa mwezi Mei imechelewa mwaka mzima. Ukitaka kujua ushuru wa huduma au mpango wa mgodi kwa jamii, muulize Diwani wako. Ukitaka kujua kama fedha za mradi zilitumika ipasavyo, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa Bungeni kila mwaka, kwa kawaida mwezi Aprili, na baada ya hapo ni ya wazi kwa kila mtu.

Kwa maji yasiyotoka kilulani leo, nenda kwenye chombo. Serikali ya kijiji hutakiwa kusoma mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu, na chombo cha maji kinapaswa kufanya vivyo hivyo mbele ya wanaokilipa. Katika kusoma huko omba takwimu tatu na uziandike: uniti zilizonunuliwa au kusukumwa, uniti zilizouzwa, na salio la akaunti ya matengenezo. Mkutano unaofuata, omba hizo hizo tena.